Nyimbo mbili zinafanana. Je, kuna aliyeiba?

«Papa mwalimu, jambo sana. Sisi ni wapenzi wa muziki wa Katuba, hapa Lubumbashi. Tuna kikundi cha WhatsApp cha watu zaidi ya mia mbili, humo tunapashana habari za bendi na nyimbo mpya. Mwezi uliopita vijana wa mtaa wetu walitoa wimbo wao wa kwanza wa studio, kila mtu akaupenda. Siku ya tatu nikasikia redioni wimbo wa zamani wa okestra moja ya hapa mjini, nikashtuka: sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, ni ileile, kiitikio kinafanana, hata mwanzo wa gitaa. Rafiki yangu aliziweka nyimbo zote mbili moja juu ya nyingine kwa kompyuta, zikaingiana kabisa. Nikaituma ile sauti kwenye kikundi, nikaandika kwamba vijana ni wezi. Shazam, ile programu ya simu ya kutambua nyimbo, haikuonyesha kitu, lakini chini ya video yao YouTube wameandika kwamba kuna mwenye mali mwingine, kampuni ya ng'ambo. Mtu mmoja kikundini anasema noti zikiwa chini ya saba si wizi. Sasa mpiga gitaa la solo wa hao vijana, niliyesoma naye shule ya msingi, hanisalimii. Mama yake alikuja kwetu analia. Nakutumia nyimbo zote mbili. Mpiga gitaa wa okestra ile bado yu hai, hapa hapa mjini. Waliiba au hawakuiba? Na mimi nifanye nini?»

Jambo sana, mdogo wangu. Nyimbo zako nimekaa nazo siku nne, jioni wanafunzi wakishaondoka, gitaa mapajani. Sitakuzungusha. Sebene hawakuiba. Kiitikio hawakuiba. Mwanzo wa gitaa wameuchukua kwa mtu. Ni wimbo mmoja wenye majibu matatu, na ndiyo maana neno ulilowaandikia ni zito kuliko ushahidi uliokuwa nao mkononi. Lakini sikio lako halikukudanganya pia, lilisikia kitu cha kweli.

Tuanze na ile sauti ya rafiki yako, kwa sababu najua ndiyo iliyowasha moto. Watu wakisikia nyimbo mbili zinalia pamoja bila kugombana, wanaona kesi imekwisha. Sebene nyingi za kwetu zinazunguka juu ya akodi tatu. Akodi ni noti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, na wapiga gitaa wa mji huu wanazitaja kwa majina ya shuleni: do, fa, sol. Mzunguko unakwenda do, fa, do, sol, unarudi tena do, na unaweza kuzunguka hivyo dakika kumi, watu bado wanacheza. Mahadhi yoyote yaliyotungwa juu ya mzunguko huo yatakaa vizuri na mahadhi mengine yaliyotungwa juu yake, mradi kasi na ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, vilingane, na programu za kompyuta siku hizi zinavilinganisha zenyewe. Juzi nilichukua kiitikio cha hao vijana nikakiimba juu ya wimbo wa korali ya parokia yetu, kisha juu ya wimbo mmoja wa harusi. Kiliingia kote kuwili. Basi kompyuta ya rafiki yako imeonyesha tu kwamba nyimbo zako mbili zina msingi wa aina moja. Nyumba nyingi za Katuba zina msingi wa aina moja na mabati ya aina moja, na hakuna anayesema jirani kamwibia nyumba.

Swali hili limefika hata mahakamani, mbali na kwetu. Mwaka 2023 huko New York, Ed Sheeran wa Uingereza alishtakiwa kwamba wimbo wake «Thinking Out Loud» umetoka katika «Let's Get It On» wa Marvin Gaye, wa mwaka 1973. Walalamikaji walitegemea sana akodi nne zinazofuatana karibu sawa katika nyimbo zote mbili. Sheeran akaleta gitaa mahakamani akapiga. Baraza la mahakama likaamua kwamba hakuiba. Mifuatano ya akodi ni vifaa vya kila fundi, kama misumari.

Sebene yenyewe ina wazazi wengi. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy na Henri Bowane walirekodi «Marie-Louise» kule Kinshasa, ambayo wakati ule ilikuwa Léopoldville, na wengi wanamtaja Bowane kama mtu aliyeipa sehemu ya gitaa nafasi ya kujitegemea, waimbaji wakanyamaza, gitaa likaongea. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1930, sahani za santuri za Kuba zilikuwa zimeshafika Kongo, zile zenye herufi GV, na wazee wakatambua ndani yake mapigo yaliyovuka bahari pamoja na babu zao. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, ambayo sebene ni sehemu yake, katika urithi wa binadamu, kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo. Kitu kilichopita katika mikono mingi namna hiyo hakiwezi kuwa mali ya okestra moja ya Lubumbashi, hata iwe okestra tunayoipenda. Gitaa la solo la vijana wako katika sebene linapanda na kushuka juu ya noti za akodi, kwa vidole vilevile ambavyo kila mwanafunzi wangu anavifundishwa mwaka wa kwanza. Nimesikiliza kipande kwa kipande. Hakuna sentensi nzima waliyoitoa kwa wazee.

Kiitikio kinahitaji maelezo zaidi, na hapa ninakuomba uimbe nami. Wimbo wa zamani unamalizia kila mstari kwa «moyoni». Wa vijana unamalizia kwa «njiani». Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: mo-YO-ni, nji-A-ni. Mtunzi anayeheshimu lugha ataivuta silabi hiyo, kisha ataiachia ya mwisho ishuke, fupi na nyepesi. Chukua nyimbo ishirini za Kiswahili, za Lubumbashi, za Goma, za Mombasa, usikilize miisho ya mistari tu. Utasikia mvuto uleule na mshuko uleule. Lugha imeshatunga nusu ya mwisho wa mstari kabla mtunzi hajashika kalamu. Wanaoimba kwa Lingala au kwa Kiluba wanabanwa kwa njia nyingine, kwa sababu huko sauti ya juu na ya chini inabadilisha maana ya neno. Sisi tunabanwa na mkazo.

Nimeandika noti za mistari miwili ya kwanza ya kila kiitikio. Zinaanza sawa: sol, sol, la, sol. Halafu zinaachana. Wazee wanashuka kwenda mi na kutulia hapo, vijana wanaruka juu hadi do. Noti nne za mwanzo, na za kawaida namna ile, utazikuta katika nyimbo za kanisa, za jeshi, za watoto. Mahali wimbo unapokwenda baada ya hapo ndipo penye mtunzi. Kwa nini basi wewe ulisikia kitu kimoja? Kwa sababu sikio linashika kwanza mwendo na rangi ya sauti: ngoma, kasi, mlio wa gitaa, koo la mwimbaji. Mahadhi yanakuja baadaye. Vijana wako wamechagua mlio wa kizamani makusudi, na mwimbaji wao anapenda kuimba puani kama wazee. Isitoshe, ukishamwambia mtu «sikiliza, zinafanana», hatasikia kitu kingine. Watu wako mia mbili waliisikia ile sauti baada ya kusoma neno lako.

Ukitaka kupima kwa haki, mpe mtu asiyejua habari hii. Mpigie wimbo mmoja asubuhi, mwingine kesho yake, usimwambie kitu, umuulize tu kama unamkumbusha wimbo wowote. Au imba mahadhi yote mawili kwa «la la la», bila maneno, bila ngoma, polepole. Yakibaki kufanana baada ya kuvuliwa nguo zote, hapo kuna jambo. Kisha tafuta wimbo wa tatu. Hili ndilo wapenzi wa muziki wanalolisahau karibu kila mara: mkiona nyimbo mbili zinafanana, ulizeni kama upo wa tatu uliozitangulia zote. Ukiwapo, huenda ndugu hao wawili ni watoto wa mama mmoja tu.

Shazam haiwezi kukusaidia hapa, iwe kwa kushtaki au kwa kutetea. Inatambua rekodi, kama alama ya kidole. Ukipiga wimbo uleule upya kwa gitaa lako, mara nyingi haitaujua. Kwa hiyo kunyamaza kwake hakusemi lolote. Na lile tangazo la YouTube, nakuomba ulifute kabisa katika hesabu zako. Mfumo wao unalinganisha sauti zilizopakiwa na rekodi ambazo wenye mali wamesajili. Siku hizi maarranja wetu, wale wanaopanga vyombo vya wimbo katika studio, wanatumia vipande vya ngoma vilivyo tayari, vya kununua au vya bure mtandaoni, na kipande kilekile kimo katika nyimbo za watu mia duniani. Mmoja akisajili wimbo wake wote, mfumo unadai nyimbo za wengine. Umeniandikia kwamba jina lililotajwa ni la kampuni ya ng'ambo. Okestra ya zamani unayoizungumzia haina uhusiano wowote na ng'ambo, na katika rekodi ya vijana nimesikia ngoma ya mashine chini ya ngoma ya mkono. Nadhani chanzo ni hapo. Waulize vijana wana karatasi gani ya kile kipande. Kama wanayo, wanaweza kupinga dai, na mdai ana siku 30 za kujibu.

Hiyo ya noti saba nimeisikia tangu nikiwa kijana. Wengine wanasema nane, wengine sekunde thelathini. Hakuna sheria kama hiyo. Mwaka 1972 Manu Dibango wa Kameruni alitoa «Soul Makossa», ndani yake kuna mchezo mfupi wa neno makossa. Miaka kumi baadaye Michael Jackson akauweka mwishoni mwa wimbo wa kwanza wa albamu yake «Thriller». Ni silabi chache, lakini dunia nzima ilijua zimetoka wapi, na Dibango alidai haki yake mpaka wakaelewana kwa fedha. Kifupi kinaweza kuwa cha mtu. Kirefu kinaweza kuwa cha wote.

Ndiyo maana sasa tunafika kwenye mwanzo wa gitaa.

Mapigo manane, yanarudiwa mara mbili. Gitaa la okestra ile lilifungwa kwa namna tunayoiita mi-composé: uzi wa nne, ule wa re, unaondolewa, badala yake unawekwa uzi mwembamba unaolia re ya juu. Hapo gitaa linapata mlio wa kumetameta, na vidole vinapata njia ambazo gitaa la kawaida halina. Mpiga solo wenu ametumia ufungaji uleule. Hilo peke yake ni ufundi wa wote, hata mimi naufundisha. Lakini noti zake ni zilezile moja baada ya moja, zinaanza nusu pigo kabla ya ngoma kama zile, zinanyamaza mahali palepale. Na kuna jambo moja lililonifanya niweke gitaa chini. Katika rekodi ya zamani, marudio ya pili, mzee anachelewa kidogo kwenye noti ya sita. Kidole kiliteleza, au alisita, na studio za wakati ule hazikurudia kwa kitu kidogo hivyo. Kijana wako anachelewa kwenye noti ileile, katika marudio yaleyale. Watu wawili wanaweza kutunga sentensi moja bila kujuana, ingawa ni shida. Hawawezi kuteleza pamoja. Mwalimu akikuta wanafunzi wawili wenye kosa moja la ajabu katika hesabu moja, anajua madaftari yalikutana.

Hata hivyo sisemi alifanya kwa hila. Mwaka 1976 mahakama ya New York iliamua kwamba George Harrison, aliyekuwa wa Beatles, alinakili wimbo «He's So Fine» katika wimbo wake «My Sweet Lord», na hakimu akasema wazi kwamba alifanya bila kujua, wimbo ulikuwa umelala kichwani. Bado akawajibika. Kwa kijana huyu nadhani hata kichwani haukulala. Nadhani aliukariri mapema, kwa upendo, noti kwa noti, pamoja na kosa, kwa sababu ndivyo tunavyojifunza Katanga.

Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga «Masanga». Kidole gumba na cha shahada, hivyo viwili tu, na mtu angeapa kwamba wanapiga watu wawili. Wimbo ule ulitembea hadi Afrika ya Mashariki, na wapiga gitaa wa Lubumbashi hadi Nairobi wakaulalia usiku kucha. Mimi nilifundishwa na jirani wa Kamalondo, ikanichukua miezi minane. Kwa miezi minane nilikuwa ninanakili, na ninashukuru. Hakuna shule nyingine tuliyokuwa nayo. Lakini siku niliporekodi nyimbo zangu, jirani yule aliniuliza: «Hapa umesema wewe, au nimesema mimi?» Nilikitoa kipande kimoja. Kijana wako hakupata mtu wa kumuuliza swali hilo kabla ya studio, akapata mashtaka baada yake.

Kwa upande wa sheria, kwetu kuna sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda haki za mtunzi, na nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki. Mtindo haulindwi, na wala wazo au mapigo ya rumba hayalindwi. Kinacholindwa ni ile sura maalumu ambayo mtu ameipa kazi yake. Haki haikomi wimbo ukizeeka. Inadumu angalau miaka 50 baada ya mtunzi kufa, kwa hiyo wanaosema «ni ya zamani, ni ya bure» wakumbuke kwamba Mwenda alifariki mwaka 1990. Na mtunzi halazimiki kuwa amesajili popote ili awe mtunzi. Kusajili katika SOCODA, shirika la kukusanya haki za watunzi lililoanzishwa mwaka 2011, kunamsaidia kuthibitisha na kulipwa.

Wala msikimbilie kusema «ni wimbo wa kienyeji, hauna mwenyewe». Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi «Mbube» mwaka 1939. Wamarekani wakaufanya kama wimbo wa kijiji usio na mtu, ukazaa «The Lion Sleeps Tonight», fedha nyingi zikapita. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Watoto wake walipata makubaliano mwaka 2006. Mwenyewe alikuwapo wakati wote, ana jina, ana nyumba, ana mke. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Wewe umeniandikia mwishoni kwamba mpiga gitaa wa okestra ile bado yu hai, hapa hapa mjini. Basi mna bahati ambayo familia ya Linda haikuipata.

Ufanye nini? Anza na la kwako. Neno «wezi» liondoe kikundini leo, lakini usilifute kimya kimya, kwa sababu watu wameshalibeba hadi nyumbani kwa mama yake. Andika kwamba ulikosea kuwaita wezi, kwamba sebene na kiitikio ni vyao, na kwamba kuhusu mwanzo wa gitaa mnakwenda kuongea na wahusika. Usitume uchambuzi wangu wa ile noti ya sita kabla kijana hajausikia kutoka kwako uso kwa uso. Ukumbuke pia kwamba kumchafulia mtu jina hadharani kunaweza kukupeleka mbele ya mwendesha mashtaka, hata kama nusu ya uliyosema ni kweli.

Kisha nenda kwake, bila simu mkononi. Mwambie umekosa, halafu muulize alijifunzia wapi ule mwanzo. Muulize kama anayetaka kujua. Ana njia tatu, na sitajifanya zote ni sawa. Anaweza kuubadilisha na kuurekodi upya: ni safi, lakini ni gharama ya studio, na wimbo umeshatoka. Anaweza kunyamaza akitumaini mambo yatapoa. Kwa wimbo usioingiza franka nyingi huenda yakapoa kweli, ila siku wimbo utakapopendwa, deni nalo litakuwa limekua, na mzee atasikia habari kwa mdomo wa mtu mwingine. Njia ya tatu ndiyo ninayompendekezea: amwendee mzee, aombe ruhusa, jina la mzee liandikwe kama mtunzi wa mwanzo ule popote wimbo ulipo, na wakubaliane sehemu yake ya mapato. Yaandikwe, hata ukurasa mmoja, kila mtu atie sahihi na shahidi awepo. Makubaliano ya mdomo yanadumu mpaka mmoja wao afe, kisha watoto wanagombana.

Ikiwa wimbo umeshakabidhiwa kwa kampuni ya kusambaza mtandaoni, au umeombwa kwa tangazo la biashara, au mzee ameshaleta barua, jibu langu halitoshi tena. Hapo waende kwa avoka, yaani wakili, anayejua kazi za hakimiliki, na kwa watu wa SOCODA, wakiwa na rekodi zote mbili na tarehe zake. Na mzee akikataa kunakiliwa kwake kabisa, wamsikilize, waondoe kipande.

Mkimwendea, msianze na kompyuta wala ile sauti ya nyimbo mbili. Mtafutieni uzi mwembamba wa re, wazee wengi hawana tena. Mpiga solo abebe gitaa, asalimie, apige ule mwanzo pamoja na kusita kwake kwenye noti ya sita, kisha amwachie mzee aseme.